Niliongeza mchango wa pensheni. Bosi akapata nafuu ya kodi, mimi nikaambulia patupu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni karani wa ghala, mwaka wa sita sasa kwenye kampuni moja. Nina mtoto mmoja, na Mungu akipenda mwakani tunataka wa pili. Nakuandikia nikiwa na hasira, nivumilie.

Miezi miwili iliyopita walikuja watu wa mfuko wa pensheni wa kazini kutuelimisha. Walisema mfanyakazi anaweza kuongeza mchango wa hiari, na kwamba ukiongeza serikali inakusaidia, kwa sababu fedha zinazoingia pensheni hazikatwi kodi. Mmoja alisimama akasema, "Ukiweka 100, mfukoni mwako zinatoka 70 tu." Nikaona hiyo ni neema. Nikasaini kuongeza asilimia 5.

Tarakimu zangu nimezigeuza nisitambulike, ila uwiano ni uleule. Chukua kwamba mshahara wangu kabla ya makato ni 1,000. Asilimia 5 ni 50. Kwa maneno ya yule bwana nilitegemea nipungukiwe 35. Mshahara ulipoingia, nimepungukiwa 50 kamili. Msimamizi wetu analipwa 3,000, naye alisaini asilimia 5 hiyohiyo, yaani 150. Kanionyesha salari slipu yake mwenyewe: mkononi kapungukiwa 105. Yeye anayenizidi mara tatu kapunguziwa 45, mimi sifuri.

Nikaenda kwa mhasibu wa mishahara. Akanijibu, "Wewe hulipi kodi, kwa hiyo huna cha kusamehewa." Shangazi, mimi nakatwa 80 kila mwezi! Kwenye slipu imeandikwa hifadhi ya jamii na bima ya afya, na mwezi huu imekatwa 80 ileile ya mwezi uliopita, haijapungua hata senti. Kama hiyo si kodi, ni nini? Nilipomuuliza hivyo akasema mfumo wa kompyuta ndivyo unavyohesabu, nisimpotezee muda.

Kuna mengine uyajue kabla hujanijibu. Mwajiri anaongeza nusu ya ninachoweka, lakini anaishia hapo kwenye asilimia 5. Nikizidisha, ziada haongezi kitu. Nina mkopo ambao riba yake ni asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio, umebakiza miezi 9. Halafu wiki hii tumeletewa karatasi ya pili: tukubali mshahara wa kwenye mkataba ushuke, wangu uwe 950, na ile 50 mwajiri aipeleke pensheni yeye mwenyewe kama mchango wake. Wanasema hapo hata makato ya hifadhi ya jamii yatapungua. Mwisho wa kurudisha karatasi ni mwisho wa mwezi.

Mume wangu anasema nijitoe kabisa, hiyo nafuu ya kodi ni ya wakubwa, sisi tulipe mkopo. Je, nimedhulumiwa? Nijitoe?

Ni mimi,
Karani Niliyechoka Kukatwa

*

Marahaba, mwanangu.

Mhasibu wako amekosa adabu, lakini hesabu yake ni sahihi. Hujadhulumiwa na kompyuta. Aliyekukosea ni yule bwana wa 100 na 70, aliyesimama mbele ya ukumbi wenye makarani na mameneja akawapa wote mfano wa meneja.

Kwenye slipu yako kuna makato ya aina mbili yanayofanana kwa macho tu. Moja ni kodi ya mapato. Hii huwa na ngazi: sehemu ya kwanza ya mshahara haitozwi kabisa au hutozwa kidogo, inayofuata hutozwa zaidi, na kadiri unavyopanda ndivyo kiwango kinavyopanda. Mshahara wako wote umeishia kwenye ile sehemu ya kwanza isiyotozwa. Ya pili ni makato ya hifadhi ya jamii, na haya hayana huruma hiyo: kwa kawaida huanzia senti ya kwanza, kwa asilimia ileile kwa wote. Chanzo chake ni bima. Ujerumani ilipotunga sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, chini ya Kansela Bismarck, mfanyakazi na mwajiri walichanga sawa kwa sawa na serikali ikaongeza chake. Mtu alichanga ili naye awe na haki ya kudai. Ndiyo maana hata leo mtu wa mshahara mdogo huchangia: akisamehewa mchango, mara nyingi amenyimwa na fao.

Sasa ile nafuu waliyowahubiria. Katika nchi nyingi mchango wa pensheni huondolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa kodi ya mapato. Kwenye makato ya hifadhi ya jamii hauondolewi. Yale hupigwa kwenye mshahara ghafi, yaani kabla ya makato yoyote, uwe umechangia pensheni au hujachangia. Wamarekani wanaijua vizuri hadithi yako. Mpango wao wa akiba ya kazini unaoitwa 401(k), uliotokana na sheria ya mwaka 1978, humpunguzia mtu kodi ya mapato, lakini ile asilimia 6.2 ya Social Security, hifadhi yao ya jamii, na 1.45 ya bima ya afya ya wazee hukatwa kwenye fedha hizohizo alizoweka akiba. Kenya ni vivyo hivyo: asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya tozo ya nyumba hukokotolewa kwenye mshahara ghafi, hata kama umejaza pensheni mpaka juu. Kwa hiyo 80 yako kubaki 80 wala si ajabu.

Msimamizi wako yeye, sehemu ya juu ya mshahara wake imefika kwenye ngazi ya asilimia 30. Alipoweka 150, zilitoka kwenye ngazi hiyo, na asilimia 30 ya 150 ni 45. Nafuu ya namna hii inampa kila mtu kwa kipimo cha kodi anayolipa, hivyo anayelipa nyingi hupunguziwa nyingi na asiyelipa hapati. Mumeo hapo ana haki ya kununa. Na serikali inapotangaza kwa mbwembwe kwamba imepandisha kikomo cha mchango usiotozwa kodi, kama Kenya ilivyofanya mwishoni mwa 2024 ilipotoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, jiulize ni wangapi kazini kwako wanaoweza kuweka 20,000, achilia mbali kuzidisha.

Uingereza ilikuwa na kichekesho zaidi, na nakieleza kwa sababu kinaweza kukuhusu. Kule kuna njia mbili za kutoa nafuu. Katika ya kwanza mchango hukatwa kabla ya kodi, kama kwenu. Katika ya pili mtu huweka 80 kutoka mshahara uliokwishatozwa, kisha mfuko unaidai serikali 20 na kuziingiza kwenye akaunti yake. Njia hiyo ya pili huwapa zile 20 hata wasiofikia kiwango cha kulipa kodi. Kwa hiyo makarani wawili wenye mshahara mmoja na mchango mmoja, wote chini ya kiwango, mmoja alikuwa akiongezewa na mwingine hapati kitu, kisa tu mwajiri wa kila mmoja alichagua mfuko upi. Malalamiko yalidumu miaka mingi mpaka serikali ikaahidi kuwafidia walio kwenye njia ya kwanza, kuanzia michango ya mwaka wa kodi wa 2024/25. Nawe waulize watu wa mfuko wenu: kwa asiyefikia kiwango cha kodi, kuna nyongeza yoyote ya serikali? Nchi nyingine zinayo na mtu hapewi mpaka aombe.

Sasa nikutoe kwenye kodi kidogo, maana umeishikilia kodi mpaka umeipita fedha iliyo mbele yako.

Mwajiri anaongeza nusu. Unaweka 50, anaweka 25, kwenye akaunti yako zinaingia 75. Msimamizi wako anajivunia kupata 150 kwa 105. Ukigawanya, kila 1 iliyotoka mfukoni mwake imekuwa 1.43, kabla ya kuhesabu nyongeza ya mwajiri. Yako bila nafuu yoyote ya kodi imekuwa 1.50. Naye ana nyongeza ya mwajiri pia, najua, kwa hiyo bado anakuzidi. Lakini wewe hushindani naye. Unachoamua ni kama 50 yako ikae mkononi ikiwa 50 au ikae pensheni ikiwa 75.

"Tulipe mkopo" ni ushauri mzuri kwa fedha nyingine yoyote, na mumeo hakuutoa hewani. Asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio, ukiirundika mwaka mzima, inakaribia asilimia 27. Hakuna mfuko wa pensheni wa kweli utakaokuahidi faida hiyo, na ukiahidiwa, kimbia. Ila tuipime 50 moja. Ukiipeleka kwenye mkopo, inakuokolea riba ya asilimia 2 kila mwezi hadi mkopo uishe. Ili uokoe kiasi kinachofikia ile 25 ya mwajiri, hiyo 50 ingepaswa kukaa ikizuia riba kwa zaidi ya miezi 20. Mkopo wako umebakiza 9. Nyongeza ya mwajiri inashinda. Kama ungekuwa na mkopo wa miaka mitatu ningekwambia mengine, na kama mkopo huo ungekuwa wa zile programu za simu zinazotoza riba kwa wiki, ningekwambia ulipe kwanza bila kunisikiliza hesabu yote hii.

Hiyo ni hadi asilimia 5. Baada ya hapo mwajiri haongezi, kodi haikupi kitu, na fedha zimefungwa mpaka ustaafu. Kwa mtu wa ngazi yako, kila unachozidisha hapo kwa sasa ni cha mkopo, na mkopo ukiisha ni cha akiba ya dharura unayoweza kuifikia. Watu wa mfuko hawatakwambia hivi. Kazi yao ni kukusanya michango.

Kuna upande mwingine wa nafuu ya kodi ambao hata msimamizi wako huenda hajauangalia. Mara nyingi kodi iliyosamehewa leo ni deni: unaposhika pensheni, inatozwa. Chukua 100 za mshahara zenye kodi ya asilimia 30. Njia moja, ziingie zote bila kodi, zikue zifike 200, ukitoka utozwe asilimia 30, yaani 60, ubaki na 140. Njia nyingine, utozwe mwanzoni, ziingie 70, zikue mara mbili bila kutozwa, zifike 140, uchukue zote. Ni kitu kilekile. Nafuu ya mwanzoni inakuwa faida kwako pale tu kodi ya siku za uzee ikiwa ndogo kuliko ya leo, au sehemu ya pensheni ikisamehewa moja kwa moja, kama Uingereza ambako kwa kawaida robo ya akiba hutolewa bila kodi. Msimamizi wako ana uwezekano mkubwa wa kunufaika, kwa sababu pensheni yake huenda ikashuka ngazi.

Wewe upo kwenye hali ya kinyume na hapo ndipo pa kuangalia sana. Umeingiza bila nafuu. Ukija kutozwa wakati wa kutoka, umelipa kodi ambayo leo usingelipa kabisa. Kwa mtu atakayestaafu na pensheni ndogo chini ya kiwango cha kodi, haitatokea. Lakini hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkupuo: miaka yote ya akiba ikimwagwa kwa siku moja, mwaka huo mmoja unaonekana tajiri na kodi inakupandisha ngazi. Ya pili ni kutoa mapema. Kwenye 401(k) ya Marekani, anayetoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu kwa kawaida hulipa kodi ya mapato na juu yake asilimia 10 ya adhabu. Ukiwaandikia watu wa mfuko, waulize pia hili: pensheni ya mwezi inatozwaje, mkupuo unatozwaje, na anayeacha kazi katikati anatozwaje. Jibu liwe la maandishi. La mdomoni umeshaliona thamani yake.

Sasa karatasi ya pili. Hii ndiyo iliyonifanya nikujibu mapema.

Wanachowaletea ni kubadilishana: mshahara unashuka kwenye mkataba, mwajiri anaweka tofauti kwenye pensheni kwa jina lake. Kwa kuwa ile 50 haijawahi kuwa mshahara wako, makato ya hifadhi ya jamii hayaigusi. Wamesema kweli hapo. Slipu yako inaonyesha makato ya asilimia 8: kwenye 950 ni 76 badala ya 80. Umeokoa 4 kwa mwezi. Msimamizi wako anaokoa 12, juu ya zile 45.

Na mwajiri naye anaokoa, maana kwa kawaida naye huchangia hifadhi ya jamii kwa asilimia ya mshahara wenu. Uingereza mchango wa mwajiri ulipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15 Aprili 2025, na utaratibu huu wa kubadilishana ukazidi kuwanogea waajiri, hadi serikali ikatangaza mwezi Novemba mwaka huohuo kwamba kuanzia Aprili 2029 msamaha wa makato hayo utaishia kwenye pauni 2,000 kwa mwaka. Simlaumu mwajiri kuokoa. Ila jua kwamba karatasi hii inamfaidi na yeye, na baadhi ya waajiri huirudisha sehemu ya walichookoa kwenye pensheni za wafanyakazi. Wa kwenu amesema anarudisha? Kama karatasi imenyamaza, maana yake anabaki nayo. Wachumi watakwambia kwamba mzigo wa mwajiri, mwishowe, huufikia mshahara. Mmoja wao, Jonathan Gruber, aliipima Chile, ambako baada ya mageuzi ya pensheni ya 1981 makato ya waajiri yalipunguzwa sana, akakuta nafuu ile karibu yote iliishia kwenye mishahara ya wafanyakazi. Inawezekana sana. Lakini hiyo ni nchi nzima na ni miaka. Wewe una karatasi moja na siku chache, na kinachoandikwa humo ndicho utakachopata.

Tuiangalie 4 yako inagharimu nini. Umesema mwakani mnataka mtoto wa pili. Malipo ya likizo ya uzazi hukokotolewa kwenye mshahara, na sehemu nyingine kwenye wastani wa miezi kadhaa kabla ya likizo. Mshahara ulioandikwa utakuwa 950. Tuseme likizo ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mwajiri akasimamisha mchango wake ukiwa nyumbani: umekosa 150. Kwa kuokoa 4 kwa mwezi, utahitaji miezi zaidi ya 37 kuirudisha. Na hapo sijagusa kiinua mgongo ukipunguzwa kazi, malipo ya saa za ziada, bima ya ajali, wala benki siku unaomba mkopo wa kiwanja na afisa anasoma 950. Sijagusa pia pensheni yenyewe ya hifadhi ya jamii, ambayo kwa nchi nyingi hutegemea mshahara uliochangiwa. Ile 4 unayoisherehekea ilikuwa mchango wako kwa uzee wako, na mwajiri ameacha kuweka ya kwake juu yake.

Kwa msimamizi hesabu ni nyingine. Baadhi ya nchi huweka kikomo cha mshahara unaokatwa hifadhi ya jamii, na aliyekipita tayari hapotezi chochote kwa mshahara kushuka, ingawa pia haokoi makato. Yeye afanye hesabu yake. Akikusihi usaini kwa kuwa "wote tunasaini", mwambie unampenda lakini mshahara wako si wake.

Angalia pia usishuke chini ya kima cha chini. Kwa mtu wa mshahara wako, kuna sehemu ambazo sheria haimruhusu mwajiri kufanya mabadilishano yakiuteremsha mshahara chini ya mstari huo.

Turudi kwenye kujitoa, maana ndicho ulichoniuliza. Hapana, usijitoe. Sababu si kodi. Mchumi Raj Chetty na wenzake wanne walichunguza kumbukumbu za wafanyakazi wa Denmark, utafiti ukachapishwa 2014, na matokeo yake yaliwatia mawaziri wa fedha kigugumizi: kila dola 1 ya kodi iliyosamehewa ili kuvutia akiba ya uzeeni iliongeza akiba ya jumla kwa senti 1 hivi tu. Waliochangamkia nafuu walikuwa wachache, nao walihamisha fedha walizokwishaweka kwingine. Watu 85 hivi kati ya 100 hawakubadilisha kitu. Lakini mwajiri alipokata na kupeleka moja kwa moja, akiba ya watu hao iliongezeka kweli. New Zealand waliondoa nafuu za kodi za pensheni mwishoni mwa miaka ya 1980, mchango ukawa unatoka kwenye fedha iliyokwishatozwa. Walipoanzisha KiwiSaver, mpango wao wa akiba ya uzeeni, mwaka 2007 waliegemea kuwaandikisha moja kwa moja wanaoanza kazi mpya, anayetaka ajitoe mwenyewe.

Kilichokufaa wewe, basi, ni kwamba 50 inaondoka kabla hujaiona. Miezi miwili imepita, umekasirika, lakini umeishi. Ukijitoa leo, hiyo 50 haitakwenda kwenye mkopo yote. Tunajuana.

Kitu kimoja ulichosahau kuniambia, na kwangu ni kikubwa kuliko kodi yote hii: umewahi kuona taarifa ya akaunti yako kutoka kwenye mfuko wenyewe? Slipu inaonyesha umekatwa. Haionyeshi kwamba zimefika. Waajiri wanaokata na kuchelewesha, au kukata na kutopeleka kabisa, wapo kila mahali, na mfanyakazi hugundua siku anayodai mafao. Omba taarifa ya miezi hiyo miwili. Kwa kila mwezi utafute mistari miwili: 50 ya mfanyakazi na 25 ya mwajiri, na tarehe zilizoingia. Ukikuta 50 peke yake, au tarehe iliyochelewa wiki nyingi, una la kumuuliza yule mhasibu, na safari hii hawezi kukujibu habari za kompyuta. Soma na gharama za uendeshaji humohumo. Mfuko unaokula asilimia 2 ya salio kila mwaka, kwa miaka 30, unakula karibu nusu ya ambacho fedha uliyoiweka leo ingekuwa imefikia.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi. Asilimia 5 iache iendelee, usiongeze. Mkopo ulipe kama ulivyo, na ukipata chochote cha pembeni kiende huko. Mshahara ukipanda, kagua slipu uone kama mstari wa kodi ya mapato umeanza kuonyesha tarakimu, kwa sababu hapo ndipo nafuu itaanza kukuhusu.

Karatasi ya pili irudishe bila saini, ikiwa na maswali manne yaliyoandikwa chini yake: malipo ya uzazi na kiinua mgongo yatatumia mshahara wa zamani au mpya, mchango wa mwajiri utaendelea nikiwa likizo, nikitaka kurudi kwenye mkataba wa zamani naruhusiwa lini, na mnachookoa kwenye makato yenu, mnarudisha kiasi gani kwangu. Baki na nakala. Wakikujibu kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, niletee nisome.

Shangazi